Mtoto Akilala Kasho, Nani Atamfuata?



Mwezi huu ninataka tuzungumze juu ya neno moja ambalo tunalisikia mara nyingi katika kartie zetu, kule Kadutu, Bagira na Panzi, na hata huko kwenye karieri za Kamituga na Misisi. Kijana amekamatwa na polisi. Habari inafika nyumbani, majirani wanakusanyika. Halafu mtu mzima mmoja, pengine baba mwenyewe, anasema: "Mumuache kwanza alale kasho. Atatoka na akili."

Neno lile linaonekana kuwa la hekima. Wengi wetu tulilelewa na mithali ya samaki kukunjwa angali mbichi. Lakini tujiulize, mzazi mwenzangu: ni akili gani inayopatikana kule? Kasho nyingi ni chumba kimoja kidogo, bila kitanda, bila choo cha kufaa. Anayekula ni yule aliyeletewa chakula na watu wake. Mle ndani mtoto wa miaka 15 anakuta wanaume wazima: mwenye kuvunja nyumba za watu, mwenye kukata mtu kwa panga, mlevi wa usiku. Kwa kuwa yeye ni mdogo, ndiye anayelala karibu na ndoo ya mikojo. Ndiye anayedaiwa makuta ya kuingia, na akikosa anapigwa. Mengine yanayoweza kumpata usiku sitaki kuyaandika katika gazeti la jamaa, lakini wazazi mnanielewa.

Sisi watu wa Ziwa Kivu tunajua sambaza. Ukitupa sambaza safi ndani ya kitunga cha sambaza zilizooza, zile za kuoza hazitapona. Kesho kitunga chote kitanuka. Basi samaki mbichi akunjwe, ndiyo, lakini akunjwe na mikono ya mzazi, ya mwalimu na ya jaji. Asikunjwe na wezi.

Ninachotaka tushike leo ni hiki: inchi yetu iko na sheria nzuri juu ya mtoto aliyekosa. Lakini sheria ile haina miguu. Inatembea na mtu mzima anayemfuata mtoto. Mtoto asiyekuwa na mtu wa kumfuata, hata sheria inamsahau.

Sheria inasema nini?

Wakati wa Wabeleji kulitoka dekre ya tarehe 6 mwezi wa 12 mwaka wa 1950 juu ya watoto wakosefu, nayo iliendelea kutumika karibu miaka 60. Mwaka wa 1990 inchi yetu, wakati ule ikiitwa Zaire, ilikubali Mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya Haki za Mtoto. Lakini karatasi ni karatasi. Mwezi wa kwanza mwaka wa 2000, kule Kinshasa, tribunali ya kijeshi iliyoitwa Cour d'Ordre Militaire ilihukumu mtoto askari wa miaka 14, naye akauawa siku ileile. Jambo lile lilionyesha wazi hatari ya kumhukumu mtoto kama mtu mzima. Sheria ya majeshi ya mwaka wa 2002 ikakataza tribunali za kijeshi kuhukumu mtu asiyetimiza miaka 18.

Konstitusio ya mwaka wa 2006, katika kifungu cha 41, inasema kwamba kila mtu asiyetimiza miaka 18 ni mtoto, msichana na mvulana sawasawa. Kisha tarehe 10 mwezi wa kwanza mwaka wa 2009 ikatoka Sheria namba 09/001 juu ya ulinzi wa mtoto. Hiyo ndiyo kila mzazi anapashwa kuijua. Nitaieleza kwa maneno mepesi.

Kwanza, mtoto asiyetimiza miaka 14 hawezi kuhukumiwa kwa kosa la jinai. Kama ameharibu mali ya mtu, wazazi au walezi wake ndio wanaodaiwa kulipa. Yeye mwenyewe anarudishwa na kusaidiwa.

Pili, mtoto wa miaka 14 mpaka kabla ya 18 anapelekwa mbele ya Tribunali ya Watoto. Haendi kwenye tribunali ya watu wazima. Pale jaji anasikiliza bila watu wa inje kujaa ndani. Mtoto ana haki ya kuhesabiwa kuwa hana kosa mpaka kosa lihakikishwe. Ana haki ya kuwa na wazazi wake kando yake, ana haki ya avoka, na kama hajui Kifaransa, ana haki ya mtu wa kutafsiri.

Tatu, jaji yule hatoi azabu ya gereza kama kwa mtu mzima. Anaweza kumwonya mtoto na kumrudisha kwa wazazi, huku akiwaagiza wazazi wamchunge vizuri zaidi. Anaweza kumweka kwa mume na mke wenye mwenendo mwema, au katika shirika lililokubaliwa. Anaweza kumtuma katika senta ya kujifunza kazi, au fasi ya kutunza wenye ugonjwa wa akili, au katika nyumba ya Serikali ya kulea watoto wakosefu. Makusudi ya hayo yote ni kumrekebisha.

Nne, kama miaka ya mtoto haijulikani sawasawa, sheria inataka ahesabiwe kuwa bado mtoto mpaka ukweli ujulikane.

Watoto wa njia mbili

Ndugu msomaji, mara nyingi tunachanganya watoto wa aina mbili, na polisi pia wanawachanganya.

Kuna mtoto aliyefanya kosa: amechukua simu sokoni Kadutu, amepiga mwenzake mpaka damu, ameingia usiku katika shimo la mwenyewe na kutoka na mfuko wa mchanga wa zahabu. Huyo sheria inamwita mtoto aliyegongana na sheria.

Lakini kuna mwingine ambaye hakufanya kosa lo lote. Analala inje tu. Ni wale watoto tunaowaita maibobo. Wengine walifukuzwa nyumbani kwa sababu mama wa kambo hakuwataka. Wengine waliitwa wachawi. Wengine walifuata karieri wakabeba maji na mawe mpaka mwili ukachoka, halafu wakashuka Bukavu kutafuta maisha. Kwa sheria ya 2009, mtoto aliyeachwa, mtoto anayeombaomba, mtoto anayeitwa mchawi, mtoto anayefanya kazi iliyokatazwa, hao wote ni watoto walio katika shida. Wanapashwa kupelekwa kwa mfanyakazi wa mambo ya jamii atafute jamaa yao au fasi ya kuwatunza. Kasho si fasi yao.

Na juu ya uchawi niseme wazi, kwa sababu mambo haya yanaingia mpaka ndani ya makanisa. Anayemshitaki mtoto kuwa mchawi, sheria inamwekea kifungo cha mwaka 1 mpaka miaka 3, pamoja na amande ya franga 200.000 mpaka 1.000.000. Hata kama anayemshitaki ni mzazi. Hata kama ni mwenye kujiita nabii. Watoto wengi wanaoitwa wezi leo, tukifuata njia yao mpaka nyuma, tutakuta siku moja mlango wa nyumba ulifungwa na wao wako inje.

Wazazi, mfanye nini?

Polisi wamemchukua mtoto wako. Tafadhali shika mambo haya matano.

1. Nenda siku ileile. Usingoje kesho, usingoje hasira iishe. Konstitusio, kifungu cha 18, inasema mtu hawezi kushikwa na polisi zaidi ya masaa 48 bila kupelekwa mbele. Na juu ya mtoto, afisa anapashwa kuwajulisha wazazi mara moja. Lakini polisi atamjulisha nani kama mtoto anaogopa kutaja jina lako kwa sababu anajua utamkana? Baba aende, na mama aende. Kama baba yuko mbali kule shimoni, mjomba aende, mzee wa kanisa aende.

2. Peleka alama ya miaka yake. Hapa wengi tunaanguka. Sheria inatuomba kuandikisha mtoto ku Leta katika siku 90 baada ya kuzaliwa. Wangapi tumefanya? Kama cheti cha kuzaliwa hakipo, tafuta kadi ya chanjo, bulete ya shule, karatasi ya maternite. Wachungaji wenzangu, na sisi tuko na daftari za watoto walioletwa mbele ya kanisa kuombewa. Tuziandike vizuri, pamoja na tarehe ya kuzaliwa. Siku moja mstari mmoja wa daftari lile unaweza kumtoa mtoto katikati ya watu wazima. Na kama mtoto hajaandikishwa, anza leo kutafuta hukumu ya tribunali inayoshika fasi ya cheti. Usingoje siku ya taabu.

3. Sema kwa heshima, lakini sema. Mzazi mmoja anaingia pale akipiga kelele, mwingine anaingia akitetemeka na kupiga magoti. Njia zote mbili hazisaidii. Sema tu: "Shefu, huyu ni mutoto wangu, iko na miaka kumi na tano, karatasi yake ni hii. Naomba asiwekwe pamoja na wakubwa, na dosie yake iende ku Tribunali ya Watoto." Kama kuna polisi wa kulinda watoto na wanawake katika fasi ile, omba dosie ipelekwe kwao. Jina la afisa uliandike. Saa uliyofika uiandike.

4. Mtoto asitie mukono chini ya karatasi asiyoielewa, na wewe pia usitie. Omba isomwe kwa Kiswahili, au kwa Mashi, au kwa Kirega, mpaka uielewe. Wengi wametia alama ya kidole chini ya maneno "nimekubali kosa", kumbe walifikiri ni karatasi ya kutoka.

5. Usitoe makuta gizani. Ninajua ninachosema hapa ni kigumu. Mama anauza ndizi zake zote, anakopa ku likelemba, analipa, na mtoto anatoka. Wiki ya pili wanamkamata tena, kwa kuwa sasa wanajua nyumba ile inalipa. Ukiambiwa kuna amande, omba karatasi ya malipo yenye muhuri. Ukikosa nguvu, nenda kwa mashirika yanayosaidia watoto, au kwa avoka wanaosaidia masikini.

Juu ya mapatano

Sheria ya 2009 iko na mlango mwingine mzuri unaofanana sana na desturi zetu: mapatano. Mtu wa katikati anawaleta pamoja mtoto, wazazi wake na yule aliyekosewa, wanatafuta namna ya kumaliza shida bila kesi ndefu. Mapatano yanaandikwa na Tribunali inajulishwa, ili kesho mtu asifufue neno.

Tuwaze kijana wa miaka 15 aliyekamatwa na mfuko wa mchanga wa zahabu wa shimo la mtu. Mwenye shimo amekasirika, na yuko na haki ya kukasirika, maana vijana wake walilala mle chini siku tatu juu ya mchanga ule. Kijana akitupwa kasho mwezi mzima, mwenye shimo anapata nini? Hapati kitu. Lakini kama wazazi wanakuja, wanaomba radhi, wanarudisha mfuko, na kijana anakubali mbele ya watu kwamba alikosa na kufanya kazi nyepesi ya kulipa hasara, basi mwenye mali amepata heshima yake na kijana amejua uzito wa kosa lake. Pale ndipo akili inapopatikana.

Paulo alifanya kazi hii. Someni barua yake kwa Filemoni, ni fupi sana. Onesimo alikuwa amemkimbia bwana wake, na pengine alimletea hasara. Paulo hakusema kwamba Onesimo hakukosa. Hakusema pia afungwe ili ajifunze. Alisimama katikati, akamwomba mwenye kukosewa ampokee, na akajitolea yeye mwenyewe kubeba deni. Mtu wa katikati ni yule anayekubali kupoteza kitu chake ili wawili wapatane.

Lakini angalisho! Yako mambo ambayo mbuzi na kreti ya bia haziwezi kuyamaliza. Ubakaji ni mojawapo. Tangu mwaka wa 2006 sheria zetu zinakataza kumaliza ubakaji kwa amande ya polisi, na jamaa inayopokea mbuzi inamuuza msichana wake mara ya pili. Vijana pia mjue: kwa sheria yetu, msichana asiyetimiza miaka 18, hata akisema amekubali, kukubali kwake hakuhesabiwi. Kijana anayefikiri ni mapenzi ya shule tu anaweza kujikuta mbele ya jaji.

Ukweli tusioweza kuuficha

Msomaji mmoja atasema: "Mchungaji, unaandika vizuri, lakini mambo hayako vile." Ni kweli. Toka Kamituga mpaka Bukavu ni karibu kilometa 180 za barabara mbaya, na wakati wa mvua gari linaweza kulala njiani siku nyingi. Mtoto anayekamatwa kule Shabunda, jaji wa watoto yuko mbali naye kama mbingu. Gereza kuu la Bukavu lilijengwa wakati wa Wabeleji kwa watu 500 hivi, lakini kwa miaka mingi lilijaa zaidi ya mara mbili ya hesabu ile, na watoto walitengewa kipande tu ndani ya boma lilelile la wakubwa.

Kisha vita vikatuzidia. Tarehe 14 mwezi wa pili mwaka wa 2025, siku zile M23 walipokuwa wanaingia Bukavu, wafungwa walitoroka gereza la Bukavu na lile la Kabare. Kazi ya tribunali za Serikali ikavurugika. Siku zile watoto waliokuwa na silaha mikononi walionekana njiani. Tarehe 18 ya mwezi uleule, ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitangaza kwamba imehakikisha kuwa watoto waliuawa na M23 hapa Bukavu, bila hukumu yo yote. Hawakufika mbele ya jaji. Hakuna aliyewauliza miaka yao.

Ndiyo maana ninarudilia neno langu: fasi ambapo tribunali ni zaifu, mtu wa kumfuata mtoto anakuwa wa lazima mara mbili. Mzazi, mchungaji, mwalimu, shefu wa avenue, hawa ndio wanaobaki wakati ofisi zimefungwa.

Na juu ya watoto waliochukuliwa na makundi ya silaha, tusiwaite wauaji kwanza. Sheria ya 2009 inakataza kumwingiza mtoto katika jeshi au kundi la silaha, na anayefanya hivyo anaweza kufungwa miaka 10 mpaka 20. Thomas Lubanga wa Ituri alihukumiwa na Tribunali ya Kimataifa ya La Haye mwaka wa 2012 kufungwa miaka 14, kwa sababu aliwatia watoto wasiotimiza miaka 15 katika vita vyake. Aliyeketi fasi ya mshitakiwa alikuwa mkubwa aliyewachukua. Watoto walikuwa wale waliotendewa ubaya. Hapa Bukavu, shirika la BVES la Bwana Murhabazi Namegabe limewapokea watoto wengi wa namna hii, na mwaka wa 2011 yeye alipewa tuzo ya kimataifa inayotolewa na watoto wenyewe kwa watetezi wao. Kazi inawezekana.

Siku ya kurudi

Mtoto akitoka, kazi inaanza. Anafika nyumbani amekonda, na ngozi imejaa upele. Usiku anaamka akipiga kelele. Majirani wanaficha simu zao anapopita. Shule inasema fasi yake imepewa mwingine. Kanisani, kijana aliyekuwa anapiga ngoma ku korali anakuta mwingine ameshika ngoma, na hakuna anayemwambia akae wapi.

Hapa ndipo tunapoteza watoto wengi kuliko pale kasho. Mtoto aliyeitwa mwizi kila siku mwisho atasema: "Basi, kama ni mwizi, niwe mwizi kweli." Halafu anarudi kwa wale aliowakuta kule ndani. Wao walimwambia jina la avenue yao, na wao watampokea.

Kwa hiyo ninaomba makanisa yetu mambo mawili.

La kwanza, mtoto anayerudi apewe kazi na fasi. Si lazima asimame mbele ya watu wote kutoa ushuhuda wa aibu yake. Apewe mtu mzima mmoja wa kumtembelea kila wiki, na njia ya kurudi shuleni au kujifunza ufundi: kushona, useremala, kutengeneza pikipiki. Kumrudisha karieri si kumsaidia, maana sheria inakataza kazi za hatari kwa watoto, na mawe yenyewe hayana huruma.

La pili ni zito zaidi. Mmesikia kwamba jaji anaweza kumweka mtoto kwa mume na mke wenye mwenendo mwema. Jaji atawapata wapi watu hao? Mara nyingi anatafuta na hapati, na mtoto anabaki ndani ya boma kwa kukosa nyumba. Nyumba hatuzikosi. Kila siku ya Mungu makanisa yetu yanajaa waume na wake wanaojiita wenye mwenendo mwema. Kila parokia ikipata nyumba mbili tu ziandikwe kwa jaji na kwa mfanyakazi wa jamii, ni watoto wangapi wasingelala boma moja na wakubwa? Wazee wa kanisa, tieni neno hili katika mkutano wenu wa mwezi ujao.

Neno kwa vijana

Ninyi vijana, nisikilizeni kidogo. Wengi wenu mlijiongezea miaka wakati wa kuandikisha wapiga kura, ili mpate karatasi ya kutembea nayo au kazi ku karieri. Kadi inasema una miaka 19, kumbe una 16. Siku ya kukamatwa, kadi ile ndiyo itakayokupeleka pamoja na watu wazima. Uongo wa siku moja unaweza kukugharimu miaka.

Ukikamatwa, usikimbie na usitukane. Taja jina lako la kweli, miaka yako ya kweli, na namba ya simu ya mzazi. Namba ile ishike kichwani, maana simu watakunyang'anya. Sema unaomba mzazi wako awepo kabla ya kuulizwa mambo. Kama ulikosa, usimtwike mwenzako kosa lako. Na kama hukukosa, usikubali kosa juu ya kutaka kutoka haraka.

Yosefu alitupwa gerezani kwa neno la uongo. Mule ndani alimsaidia mnyweshaji wa mfalme, akamwomba amkumbuke atakapotoka. Mnyweshaji alitoka, akala, akanywa, akamsahau miaka miwili. Ndugu msomaji, Biblia inaonyesha kwamba kosa la mnyweshaji halikuwa kupiga wala kuiba. Alisahau tu. Na Yosefu akaendelea kulala ndani.

Maulizo ya kuzungumza nyumbani

1. Je, kila mtoto wa nyumba hii ana karatasi inayoonyesha siku aliyozaliwa? Inawekwa wapi?

2. Mtoto wetu akikamatwa leo, namba ya simu ya nani ataitaja? Je, ana hakika kwamba mtu yule atakuja?

3. Katika avenue yetu, ni mtoto gani analala inje wakati huu? Nani anajua jina lake?

4. Kama jaji angetuomba kumpokea mtoto mmoja kwa miezi sita, tungejibu nini? Baba ajibu, mama ajibu, na watoto pia wajibu.